Waya Kwenye Unga wa Maziwa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenifunga kitambaa cha presha mkononi, akajaza upepo, akatazama, akajaza tena kama haamini. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni mtu wa mauzo. Nauza unga wa maziwa wa kiwandani kwa waoka mikate, wapika biskuti na wenye maduka. Akauliza kama huwa nagombana na watu. Nikamwambia sigombani, nameza.

"Basi usimeze," akasema. "Kila kinachokuudhi, kiandike."

Nimenunua daftari. Leo hakuna kilichoniudhi isipokuwa mvua ya kwanza ya msimu, iliyoingia kwenye kiatu cha kushoto, na mke wangu, aliyecheka aliponikuta nimekaa mezani kama mtoto wa shule.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hasira hakuna. Najiona mjinga kuandika hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Biskuti amenipigia simu asubuhi, nije mara moja. Ndivyo tunavyomwita yule mama mwenye jiko la biskuti nyuma ya kituo cha mafuta. Jina lake halisi nadhani hata wanawe wamelisahau. Nilimkuta amefunga kidole kwa kitambaa. Juu ya kisahani kulikuwa na kipande cha waya, chembamba kama uzi, kifupi kama punje ya mchele.

"Hiki nimekikuta kwenye maziwa yako," akasema. "Nimekikuta kwa kidole. Angekikuta mtu kwa ulimi ingekuwaje?"

Nimekipeleka kwa meneja. Hakukigusa hata. "Huyo anasugua sufuria zake kwa waya wa chuma. Mwambie anunue sponji."

Nilitaka kumwambia kwamba mama yule alikuwa anakanda unga tangu mimi na yeye meneja tunafungwa vifungo vya shati na mama zetu. Nilichosema ni, "Sawa, bosi." Daktari angenipima wakati ule, kile kitambaa kingepasuka.

Jumamosi, 8 Machi

Yule muoka mikate wa barabara ya juu naye amekuta vipande viwili. Safari hii meneja amekubali mashine ifunguliwe. Fundi mitambo alifungua, akalivuta lile chekecheke kubwa la chini ambalo unga wote hupitia kabla ya kuingia mifukoni, akaliinua kwenye mwanga. Lilikuwa limechanika. Akapitisha ngumi kwenye tundu, ngumi ikatokea upande wa pili. Tukatazamana kupitia pale.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Mifuko yote yenye muhuri mwekundu, ya shehena iliyopita kwenye chekecheke lile, iondolewe sokoni. Nikadhani watakodi magari, watatangaza redioni. Meneja akatutazama sisi wa mauzo. "Ninyi mliuza, ninyi mrudishe. Na msiwatishe watu."

Nikauliza, "Unga ukisharudi?"

"Utaharibiwa. Waambieni wateja wote, utaharibiwa."

Jumanne, 11 Machi

Hivi ndivyo nilivyojibiwa leo, kwa mpangilio niliokutana nao.

Mwenye duka wa kwanza: "Mbona mimi sijaona waya wowote?" Nikamwambia kama waya ungeonekana kusingekuwa na shida. Akasema nimwonyeshe kwanza, ndipo anipe mfuko.

Wa pili alisema atachekecha mwenyewe. Nikamuuliza kwa chekecheke gani. Akaleta la kuchekechea chai.

Wa tatu alinisikiliza vizuri, akaniletea kiti, akanipa maji, akasema nina mdomo mtamu, nilipoleta mzigo niliapa kuwa hakuna maziwa kama haya nchi nzima. Je, niliapa uongo siku ile au naapa uongo leo? Akaniomba nichague. Nimerudi na mifuko miwili na matope mpaka magotini.

Alhamisi, 13 Machi

Muoka mikate wa barabara ya juu, yeye aliyekuta waya kwa macho yake, amekataa kurudisha. Anasema ameshavitoa vile viwili, kwa hiyo vimekwisha.

Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, nimetoka nje nikasimama kwenye mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu: "Kwa mama umeshakwenda?"

Mimi: "Nitakwenda."

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda.

Mama mkwe ana duka la vitu vya waokaji: hamira, sukari, mafuta, vanila, makopo ya kuokea. Tangu alipofiwa na mumewe analiendesha peke yake, na nusu ya waoka keki wa upande ule wamejifunza kazi wakiwa wameegemea meza yake. Mimi ni mkwe wake kwa miaka mingi sasa na bado nikiingia pale nakunja mikono kama niko ofisi ya mwalimu mkuu. Ananiita "bwana mkwe", kwa heshima zote, na heshima hiyo ina baridi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana mkwe. Umelowa. Kaa."

Nikamweleza. Nililainisha maneno mpaka yakakosa mifupa: kuna hitilafu ndogo, kiwanda kinaomba radhi, ile mifuko mitano niliyomletea. Akanisikiliza huku akifunga sukari.

"Mifuko ipi?" akasema. "Mimi sina mifuko. Nilishaifungua."

Akanionyesha pipa la plastiki la buluu, refu kufika kifuani, limejaa. Amemimina yetu humo juu ya masalio ya kampuni nyingine, amechanganya, na anauza kwa kikombe ndani ya vifuko vyeupe anavyovipiga fundo. Havina muhuri wala jina. Aliyenunua jana hatajua kamwe kama anatafutwa.

"Mama, itabidi pipa lote..."

"Lote?" Akaacha kufunga sukari. "Ulipokuja na maziwa haya ulinisifia mpaka nikaona haya kukataa. Nikasema nimkubalie, ni mume wa mwanangu. Leo unaniambia nikamwage?"

Akaniwekea chai. Chai ya maziwa. Nilimwona kwa macho yangu akichota kijiko kwenye lile pipa.

Ungefanyaje? Niliinywa. Niliinywa meno yameumana, nikiichuja kama nyangumi, nikitabasamu kila baada ya funda. Akaniuliza kama imezidi moto. Nikamwambia hapana, mama, iko vizuri sana. Nikaaga, nikaondoka mikono mitupu.

Jumatatu, 17 Machi

Ugomvi nyumbani, wa sauti ya chini kwa sababu jirani anapenda kusikiliza.

"Mama yangu si mteja wako wa kumtisha," mke wangu akasema.

"Sikumtisha. Nilikunywa chai."

"Na ulikwenda kama nani? Kama kiwanda au kama mtoto wake?"

"Kuna tofauti gani? Waya ni ule ule."

"Kwake ipo," akasema, akainuka kwenda kufunga madirisha.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Gari limekwama. Mifuko mitatu. Nimeitwa mzushi mara moja na tapeli mara moja.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mfuko mmoja. Nimeitwa tapeli tu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo si mzaha.

Mwalimu mmoja mstaafu amelazwa. Alikula mkate asubuhi, waya ukakwama kooni. Mkate ni wa yule yule wa barabara ya juu. Nilikwenda hospitali, sijui kwa nini, hakuna aliyenituma. Mzee alikuwa amekaa kitandani wima kabisa kwa sababu akilala anaumia. Hawezi kuongea. Binti yake aliponiuliza mimi ni nani, nikasema nafanya kazi kiwandani. Nilitegemea anitukane. Aliniuliza tu, taratibu, "Mlikuwa mnajua?"

Nikasema tulikuwa tunairudisha mifuko.

"Lakini mlikuwa mnajua," akasema.

Mzee alikuwa ananitazama muda wote. Amefundisha watu kusoma maisha yake yote na leo anaomba maji kwa ishara.

Muoka mikate amerudisha mifuko yake yote jioni. Aliipakia mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekaa mezani tangu jioni, ndiyo kwanza naandika.

Nilikwenda kwa mama mkwe nimejipanga. Nitamweleza habari za mwalimu, nitamwomba kwa unyenyekevu, nitapiga magoti ikibidi. Nikamkuta na wateja watatu wanaojikinga mvua. Nikasubiri. Akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto kafunikwa kanga, kichwa tu kinaonekana, analamba bega la mama yake. Akaomba maziwa ya uji wa mtoto, kikombe kimoja. Mama mkwe akafunua pipa.

"Mama, tafadhali usimpe," nikasema.

"Bwana mkwe, tutaongea nikimaliza na mteja."

"Kuna mzee yuko hospitali."

"Amenunua kwangu?"

"Hapana, lakini..."

"Basi ngoja."

Akatia kikombe ndani ya pipa. Yule mtoto alinitazama. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nimezunguka meza, mahali ambapo sijawahi kukanyaga tangu nimwoe binti yake, nimelikumbatia lile pipa kama mtu anayecheza nalo muziki, nimeliburuta mpaka mlangoni na kulisukuma. Lilianguka barabarani kwa kishindo. Maziwa yalimwagika kwenye matope, mvua ikayapiga, yakawa uji, uji ukaanza kutembea kuelekea mtaroni.

Watu walitoka maduka yote. Bwana mmoja akaokota kijiti akawa anachokoachokoa ule uji. "Waya uko wapi?" akauliza. "Mbona hakuna kitu?" Wengine nao wakainama. Walichokoa kweli kweli, kwa bidii. Hawakupata kitu. Mimi pia niliinama. Niliomba, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba waya uwepo.

Mama mkwe hakunitukana. Angenitukana ningepona. Alichukua ufagio, akatoka kwenye mvua bila kujifunika, akaanza kufagia mbele ya duka lake, watu wakimtazama, mjane yule anayeheshimiwa na mtaa mzima. Nikashika ufagio nimsaidie. Akauvuta. Hakuuvuta kwa nguvu, aliuvuta tu.

Jumapili, 23 Machi

Mke wangu amekwenda kwa mama yake. Amechukua begi dogo. Dogo ni dalili nzuri, au ndilo lililokuwa karibu.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka nikiweza kukutazama."

Alhamisi, 27 Machi

Tumemaliza. Ghala limejaa mifuko yenye muhuri mwekundu mpaka darini. Meneja amenishika bega mbele ya wenzangu, akasema mimi ndiye niliyerudisha mingi kuliko wote, niwe mfano. Nilikula chakula cha mchana peke yangu kwa sababu sina tena mtu wa kula naye, na nikasema moyoni, basi, angalau imekwisha.

Jumatatu, 31 Machi

Haijakwisha.

Leo asubuhi nimeambiwa nikapakie mzigo mpya. Mashine imetengenezwa? Nikafurahi. Nikaingia ghalani kwa mlango wa nyuma kukwepa dimbwi. Ndani walikuwepo wanawake wawili waliojifunga vitambaa puani, wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanachekecha. Upande wao wa kushoto rundo la mifuko yenye muhuri mwekundu. Kulia kwao mifuko mipya, misafi, muhuri wa buluu.

Niliutambua mmoja wa ile mifuko ya kushoto. Ulikuwa na doa la hamira. Nilimbembeleza mwenye duka nusu siku mpaka akanipa ule mfuko.

Nikaenda kwa meneja. Kwa mara ya kwanza sikubisha hodi.

"Ulisema utaharibiwa."

"Umechekechwa," akasema. "Mara mbili."

"Kwa chekecheke lipi?"

Akapanga karatasi zake mezani.

"Kwa chekecheke lipi, bosi?"

"Limeshonwa," akasema. "Limeshonwa vizuri. Unajua shehena ile ni kiasi gani? Unajua nikiitupa, kiwanda kinafungwa? Una mke wewe. Wale wapakizi kule nje wana wake. Mimi nalala?" Na kweli, nilipomtazama vizuri, alikuwa ana macho ya mtu asiyelala. Nilikuja nikidhani nitamchukia na nikashindwa kumchukia inavyotakiwa, jambo ambalo limeniudhi zaidi. "Kapakie," akasema. "Tafadhali."

Sikupakia. Nilisema naumwa. Ndiyo, nilisema naumwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa jasiri.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda ofisi ya wakaguzi wa vyakula. Karani akasema mkaguzi yuko nje. Nikasubiri. Mkaguzi akarudi kwa mlango mwingine, akatoka tena. Karani akasema nilete sampuli. Nikamuuliza, nikiileta, ataipokea nani? Akasema mkaguzi. Yuko wapi? Yuko nje.

Mvua inavuja mle ofisini, wameweka ndoo katikati ya chumba na kila mtu anaizunguka kama ni samani.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikuwa na mtu wa kumwambia. Mke wangu hapokei simu zangu ila kwa salamu. Fundi mitambo ni rafiki yangu, lakini ndiye aliyeshona lile chekecheke, na tangu siku hiyo akiniona anatafuta spana. Kwa hiyo nilikwenda kwa mtu pekee ambaye waokaji wote humsikiliza, na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunisikiliza mimi.

Duka lilikuwa tupu. Mke wangu alikuwa nyuma anahesabu makopo. Aliniona, akaendelea kuhesabu, ila kwa sauti ndogo zaidi.

Nilisimama upande wa wateja. Nikamweleza mama mkwe yote, safari hii bila kulainisha: mifuko, wale wanawake wawili, muhuri wa buluu, kwamba wiki ijayo atakuja mtu wa mauzo, labda mimi mwenyewe, kumuuzia tena maziwa yale yale niliyomwaga mlangoni pake.

Akasema, "Kwa hiyo la kwangu ulilimwaga barabarani, na la bosi wako umeliacha limekaa."

"Mama, lile ni ghala zima."

"Ndiyo. Na langu lilikuwa pipa la mwanamke asiye na mume. Lilikuwa jepesi."

Makopo kule nyuma yalinyamaza.

Nimeyageuza maneno hayo njia nzima nikitafuta mahali alipokosea. Wiki zote hizi nimekuwa nikijiona mtu niliyefanya jambo gumu. Nilifanya lililokuwa karibu na mkono wangu. Nilikuwa nimeona ukaidi mle dukani. Sasa nafikiri yule mama alikuwa ananipima, kama anavyopima kila kitu, na mizani ilisoma sawasawa.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi nilikwenda kazini, nikasema nimepona, nikapakia gari mifuko ya muhuri wa buluu mpaka likajaa. Meneja akanipungia mkono dirishani. Sikwenda kwa mteja yeyote. Nilikwenda ofisi ya wakaguzi, nikaliweka gari langoni, mkao wa kuziba, nikazima injini na kuutia ufunguo kwenye soksi.

Mlinzi alikuja. Karani alikuja. Gari la nyuma likapiga honi mpaka likachoka. Nilimpigia mke wangu nikamwambia tu mahali nilipo, ili nikikamatwa asihangaike kunitafuta. Mvua ilikuwa inanyesha kama inalipwa.

Baada ya muda mtu akagonga kioo cha upande wa abiria. Mama mkwe, amevaa mfuko wa nailoni juu ya mtandio. Niliruka kumfungulia. Akapanda, akaketi, akakung'uta miguu. Hatujawahi kukaa karibu namna ile, mabega karibu yagusane. Sikujua nitazame wapi.

"Redio ya gari hili haifanyi kazi?" akauliza.

"Haifanyi, mama."

"Hm," akasema. Tukaendelea kutazama lango.

Hatimaye mkaguzi akatoka, mwanamke mrefu mwenye mwavuli na hasira zake. "Umeziba lango."

"Nimeliziba makusudi, dada. Kila nikija uko nje. Leo hutoki."

Alinitazama, akamtazama mama mkwe, akahisi nadhani kwamba huyu wa pili ndiye hataondoka. Akaagiza meza, kitambaa cheupe na chekecheke lake mwenyewe. Tukaingia barazani. Mfuko wa kwanza ulipita wote, mweupe, laini. Hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu. Karani akaanza kutabasamu. Niliwaona tena wale watu na kijiti wanachokoa uji barabarani.

Mkaguzi akaweka chekecheke chini. "Bwana..."

"Endelea," mama mkwe akasema.

"Mama, mifuko miwili..."

"Mwanangu, mimi nimefunga duka kuja hapa. Endelea."

Ulikuwa mfuko wa tatu. Kwanza kulisikika sauti, ndogo sana, kama ukucha juu ya bati. Mkaguzi akalipindua chekecheke juu ya kitambaa, na pale katikati kikalala kipande cha waya, kimepinda, kinang'aa. Kisha kingine.

Karani alikwenda kumwaga ndoo.

Jumanne, 8 Aprili

Ghala limetiwa lakiri. Nimefukuzwa kazi kwa simu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mke wangu amerudi na begi lake dogo. Alisimama mlangoni.

"Mama amesema nirudi," akasema. "Mimi mwenyewe bado sijasema."

Nikamwambia aingie aendelee kufikiri akiwa ndani, nje kunanyesha. Akaingia. Wakati wa kula alinitazama, mara moja, muda wa kutosha.

Alhamisi, 17 Aprili

Kiwanda kimefungwa mpaka itakapoamuliwa vingine. Wapakizi wote wako nyumbani. Nimekutana na mmoja wao njiani, mtu tuliyekuwa tukitaniana kila siku. Amevuka barabara kwenye matope ili asipishane nami. Fundi mitambo hapokei simu. Nina hakika nilifanya sawa na sioni raha yoyote. Hakuna aliyeniambia kuwa mambo haya mawili huweza kukaa kifuani pamoja.

Mwalimu ametoka hospitali. Sauti imerudi nusu, anasema binti yake.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekuwa nikienda dukani kwa mama mkwe asubuhi kumbebea mizigo, kwa kuwa sina pa kwenda. Hakuniomba, hakunikataza. Kuhusu lile pipa ameniambia mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, "Lile sijalisamehe. Bado nalifikiria." Nikasema sawa, mama. Afadhali hivyo kuliko ile heshima yake ya zamani.

Leo, mke wangu naye akiwepo na duka lina wateja, aliingia mwenye duka mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mdogo wake alikuwa mpakizi kiwandani. Alikuja kununua hamira. Aliponiona nimebeba mfuko wa sukari akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Kumbe mchongezi mmemweka hapa. Amewatoa watu wazima kazini, sasa anakula kwa mwanamke."

Nikaweka sukari chini. Nilihisi yale maneno yanashuka kooni kama kawaida, yanakwenda kule yanakokwenda yote. Kabla hayajafika, mama mkwe akainua macho kutoka kwenye mizani.

"Huyo ni mwanangu," akasema. "Ukitaka hamira, nunua. Ukitaka kumtukana, toka ukamtukanie nje, unyeshewe."

Nje kulikuwa na jua kali, barabara imeshaanza kutoa vumbi. Sote tulikuwa tunaliona, yeye, mimi, mke wangu na wateja wote waliokuwepo. Hakuna aliyemsahihisha. Yule bwana alinunua hamira yake.